Nyenzo za Mwandishi Chipukizi wa Hadithi za Kisayansi na za Ajabu: Jina, Ngoma na Kamba

Kijana wa Kabondo, mjini Kisangani, anayetaka kutunga hadithi ya chombo kinachosafiri baina ya sayari hukabiliwa na swali la lugha kabla ya swali la kisa. Shuleni alifundishwa sayansi kwa Kifaransa. Nyumbani na sokoni husikia Kiswahili na Kilingala. Basi huamini kwamba Kiswahili chake hakina maneno ya kubeba dunia ya namna hiyo, na kalamu yake huhamia Kifaransa au hukauka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo si sahihi, na kwamba nyenzo anazozihitaji ziko karibu kuliko anavyodhani.

Nyenzo inayotajwa kwanza aghalabu ni kamusi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, humfaa sana mwalimu wa sayansi. Kwa mtunzi, faida yake ina mpaka. Kamusi hutaja vitu vilivyokwisha kujulikana. Mtunzi wa utanzu huu hutaja kitu ambacho bado hakijawapo. Anayengoja istilahi ipitishwe ndipo aandike, hataandika.

Watangulizi wake hawakungoja. Shaaban Robert, katika Kusadikika (1951), alichukua kitenzi cha kawaida akakifanya nchi inayoelea hewani. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alimpeleka mhusika wake Dzombo hadi sayari ngeni, na jina la sayari hiyo ni sentensi nzima iliyounganishwa: wale ni sisi. Msomaji hahitaji maelezo ya pembeni, kwa kuwa jina lenyewe limekwisha kumwambia kwamba ugenini huko anajitazama mwenyewe.

Mbinu hiyo ya kutaja kitu kwa sentensi si ngeni Kisangani. John F. Carrington, mmisionari aliyefanya kazi Yakusu, karibu na mji huu, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi ngoma za magogo za Walokele zinavyosema. Ngoma hizo zina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, hivyo jina la mwezi, la kuku na la aina moja ya samaki hulia sawasawa. Kwa sababu hiyo mpigaji halitaji jina peke yake, bali huliongezea maneno: mwezi huwa ule unaoitazama dunia kutoka juu. Upungufu wa chombo umezaa ushairi. Chipukizi asiye na istilahi yuko katika hali ile ile ya mpiga ngoma, na njia ya kutokea ni ile ile.

Hata hivyo, jina zuri halitoshi. Dosari ya Walenisi ni kwamba baada ya safari kwisha, mafundisho huchukua nafasi ya vitu. Kusadikika nayo, kwa sehemu kubwa, ni utetezi wa Karama mbele ya baraza. Hoja zinashinda, lakini dunia yenyewe haiguswi kwa mkono.

Dawa ya dosari hiyo imo katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Kivu, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Mwindo anaposhuka kuzimu kumfuata baba yake, humwachia shangazi yake Iyangura ncha ya kamba: kamba ikitulia bila kutikisika, ajue kwamba Mwindo amekufa. Kifaa ni kimoja, kanuni ni moja, na tangu hapo msikilizaji naye ameishika kamba. Mtunzi wa safari za angani atajifunza zaidi hapo kuliko katika kurasa nyingi za maelezo ya mitambo.

Nagona ya Kezilahabi (1990) na Bina-Adamu! ya Wamitila (2002) zinafaa kusomwa baadaye. Zinavunja mpangilio wa wakati na mahali kwa ustadi, lakini mwanagenzi akianza nazo huiga mafumbo kabla hajajua kusimulia.

Kinachobaki ni wajibu wa walimu. Vitabu vya Nairobi na Dar es Salaam haviwafikii wanafunzi wa Kisangani kwa urahisi, na Mwindo wa mwaka 1969 amechapishwa kwa Kinyanga na Kiingereza. Kifungu cha kamba peke yake, kikifasiriwa kwa Kiswahili na kusomwa darasani, kingeanzisha kazi. Kisha mwanafunzi aombwe ataje chombo kisichokuwapo kwa maneno ya mtaani kwake, yaani kwa Kiswahili kile kilichoitwa Kingwana kwa miaka mingi, na kudharauliwa kwa jina hilo. Asiporuhusiwa kuiota kesho kwa lugha anayoiotea usiku, kesho hiyo itaandikwa na wengine.