Mkono wa Sista na Barua ya Safari

Kabla hajashika sindano, sista wa chumba cha kusafisha damu hushika mkono wa mgonjwa. Huweka vidole viwili kwenye kigasha, pale daktari wa upasuaji alipounganisha ateri na vena, kisha hutulia. Mshipa wenye afya hutetema chini ya vidole. Usipotetema hachomi, anamwita daktari. Ukitetema, huweka stetoskopu asikilize mvumo wake, kisha huuliza: "Mama, usiku uliulalia mkono huu?" Haulizi bure, kwani mkono uliolaliwa unaweza kugandisha damu na mshipa ukaziba.

Anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, sindano mbili kila mara, huchomwa zaidi ya mara 300 kwa mwaka, na sindano zenyewe ni nene. Ndiyo maana sista mzuri hukumbuka alipochoma juzi, leo akasogea. Akishikilia palepale kwa sababu ni rahisi na hapaumi sana, ukuta wa mshipa hulegea na kuvimba. Mshipa wa aina hii haukuwapo tangu mwanzo. Mashine ya daktari Kolff, ya mwaka 1943 kule Uholanzi, ilisafisha damu, lakini kila matibabu yaliharibu mishipa. Seattle mwaka 1960 daktari Scribner alimwekea mgonjwa Clyde Shields mrija wa kubaki mkononi. Njia ya kuunganisha mshipa kwa mshipa ilitangazwa na madaktari wa New York mwaka 1966, na ndiyo inayotegemewa hadi leo.

Nyuma ya ukuta wa chumba hiki cha Dodoma yupo fundi wa maji, ambaye wagonjwa wengi hawamjui hata kwa sura. Maji ya visima vya Makutupora yanayonywesha mji huu ni magumu. Fungua birika lolote mjini uone ukoko mweupe. Mashine ya kusafisha damu hupitisha mililita 500 za maji kila dakika, lita 120 kwa saa nne, na kati ya maji hayo na damu kuna utando mwembamba tu. Kwa hiyo fundi huyalainisha kwanza, huyapitisha kwenye mkaa, kisha huyasukuma kwa nguvu kwenye chujio linalozuia chumvi. Klorini inayomlinda mnywaji huvunja chembe nyekundu za damu ikifika kwenye utando huo, hivyo asubuhi fundi hupima kabla mgonjwa wa kwanza hajaunganishwa. Kipimo kikikataa, hakuna anayepanda kitandani. Namheshimu sana mtu mwenye ujasiri wa kusimamisha chumba kizima kwa sababu ya rangi iliyobadilika kidogo kwenye karatasi.

Mgonjwa mmoja wa chumba hiki ni mtumishi wa wizara kule Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani hufanyika Geneva kila Mei, naye yumo kwenye msafara.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nina safari."

Hapo ndipo ufundi wa sista unapohamia kwenye karatasi, na wiki nyingi kabla ya safari, maana kituo cha ugenini hakimpokei mtu aliyebisha hodi tu. Barua hutaja uzito mkavu, yaani uzito wake maji ya ziada yakishatoka. Hutaja mkono upi, sindano za ukubwa gani, aina ya chujio la damu, saa ngapi za matibabu, kasi ya damu, kipimo cha heparini ya kuzuia damu kuganda, potasiamu na kalsiamu kwenye maji ya dawa. Majibu ya homa ya ini B na C na ya VVU lazima yawe ya karibuni: mwenye homa ya ini B hutengewa mashine, na bila majibu hayo kituo kinaweza kumkatalia. Bima huulizwa mapema, kwa maandishi, kama italipa nje ya nchi. Tiketi hupangwa ili asafishwe siku moja kabla ya kupaa, na miadi ya Geneva isimwache akae siku nyingi bila kusafishwa kuliko alivyozoea. Ndani ya ndege maji ni ya kupima, na vyakula vya chumvi anavirudisha.

Mistari ninayoipenda zaidi ni ile isiyo na nafasi kwenye fomu. Sista huiandika chini, kwa mkono: mgonjwa huyu akianza kupiga miayo katika saa ya tatu ya matibabu, presha yake inashuka, punguzeni kasi ya kuvuta maji kabla hajalalamika, kwa sababu halalamiki. Muuguzi wa Geneva hajawahi kumwona mzee huyu. Akiisoma, ataanza kumtazama usoni mapema.

Akirudi, hupimwa tena homa ya ini, kwa kuwa amesafishwa kwenye kituo kingine. Sista hutandika mezani karatasi za Geneva na kuzisoma mstari kwa mstari: uzito wa kuingia, uzito wa kutoka, presha ya kila nusu saa. Akiona wenzake walimtoa nusu kilo zaidi ya alivyozoea na presha haikutikisika, humpelekea daktari faili, uzito mkavu ukapangwa upya.