Kutua kwa Kishindo

Abiria hupiga makofi ndege inapogusa chini kwa ulaini. Rubani anayetua Gardermoen, uwanja mkuu wa Oslo, usiku wa Januari theluji ikianguka, hatafuti makofi hayo. Akiichelewesha ndege hewani ili iguse polepole, mamia ya mita za njia ya kutua yanampita bure, na kwenye barafu mita hizo ndizo akiba yake. Kwa hiyo anaiweka chini kwa uthabiti, ndani ya mita 900 za kwanza. Kishindo kinachowaudhi walioketi nyuma ndicho ufundi wenyewe: matairi yanapasua utando wa maji, magurudumu yanazunguka mara moja, na vibao vya juu ya mabawa vinainuka kuondoa nguvu ya kuelea, ili uzito wote uyashukie magurudumu. Breki isiyokandamizwa na uzito haishiki kitu.

Kabla yake wamepita mafundi wengine. Magari ya kusukuma theluji huenda kwa mshazari, kila moja likimpokea mwenzake rundo lake hadi pembeni. Chumvi ya kawaida haimwagwi, kwa sababu hula metali ya ndege. Wanorwe wana mbinu ninayoipenda kuliko zote: mchanga huchanganywa na maji ya moto, nayo yakishagusa barafu huganda, na kila chembe ikabaki imeshikamana kama msasa. Mchanga mkavu ungepeperushwa na injini za ndege ya kwanza.

Kisha njia hukaguliwa na kupewa alama, kila theluthi ya urefu wake peke yake, kuanzia 6 kwa njia kavu hadi 0. Mizani hii ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ilianza kutumika Novemba 2021, na mvua ya masika huhesabiwa humo humo: njia iliyolowa tu ni 5. La ajabu ni kwamba baridi kali ni rafiki. Theluji iliyoshindiliwa, kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi ya hapo, hupata 4. Hewa ikipata joto kidogo, alama inashuka hadi 3. Barafu iliyolowa ni 0, na hapo hatui mtu.

Baada ya kugusa, rubani hasubiri breki zimwambie hali ya njia. Anageuza msukumo wa injini papo hapo, kwa kuwa huo unasukuma hewa, na hewa haitelezi. Tarehe 8 Desemba 2005, katika uwanja wa Midway, Chicago, Boeing 737 ilitua kwenye theluji na mgeuzo huo ukafunguka sekunde 18 baada ya kugusa. Ndege ilivunja ua ikaingia barabarani, na mtoto aliyekuwa ndani ya gari akafariki.

Lakini mgeuzo nao una hila yake. Upepo wa ubavuni ukiipindisha ndege, pua ikielekea upepo unakotoka, injini zinazoivuta nyuma huivuta pia pembeni, kuelekea ukingo. Mguu unataka kukanyaga breki zaidi. Fundi hufanya kinyume: anaurudisha mgeuzo chini, anaachia breki, anairejesha ndege katikati kwa usukani wa mkia, na hapo tu ndipo anaanza kuisimamisha upya, huku njia ikizidi kwisha mbele yake.