Tartibu ya Mwaka wa Kusoma

Wako watu wasomao kwa kadiri bahati inavyowajalia, leo kitabu alichokisahau mgeni, kesho gazeti kuukuu, wala sina la kuwalaumu, kwa kuwa bahati nayo ina karama zake. Lakini miongoni mwa kazi za akili ambazo mtu asiye mwalimu wala mwandishi aweza kuzifanya kwa uzuri, siioni iliyo bora kuliko ile ya kuketi mwaka unapokaribia kwisha, akachagua jambo moja, akalitafutia vitabu, akavipanga kimoja baada ya kimoja kwa miezi ijayo, kisha akavisoma kwa tartibu hiyo hiyo mpaka mwaka utakapotimia. Huo ni ufundi kamili. Una vipimo vyake na adabu zake, na uzuri wake haumo katika kitabu hiki wala kile, bali umo katika ujirani wa vitabu, katika neno ambalo kitabu cha Machi hulisema juu ya kitabu cha Februari, na ambalo hakuna hata mmoja wa watungaji wao aliyelikusudia.

Hapa kwetu Kenya ufundi huu wastahili sifa zaidi, kwa sababu wengi wetu tulikutana na riwaya kwa mara ya kwanza katika kivuli cha mtihani. *Siku Njema* ya Ken Walibora, *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei, zote zimepita mikononi mwa maelfu ya vijana kama vitabu teule, zikachambuliwa wahusika wake na tamathali zake mpaka usiku wa mwisho kabla ya karatasi. Ni vitabu vyema, na wako walimu wanaovifundisha kwa mahaba; lakini aliyevichagua ni mwingine, na sababu ya kuvisoma imewekwa na mwingine, hata kijana akishapokea cheti chake hudhani kwamba kusoma nako kumekoma pamoja na kengele ya shule. Mtu apangaye mwaka wake mwenyewe hujirudishia ikhtiari ile, naye hujifunza, pengine akiwa ameshaota mvi, kwamba kuchagua ni sehemu ya kusoma.

Uteuzi wa jambo ndio mlango wa kazi yote, na wengi hukwama hapo kwa kutaka makuu. Mmoja atasema atasoma Afrika, mwingine atasema atasoma mapenzi, na hao wawili watafika Juni wakiwa wamesoma vitabu vizuri visivyojuana, maana jambo pana mno halikatai kitabu chochote, na lisilokataa kitabu haliwezi kuupangia mtu mwaka. Wako tena wanaojiwekea hesabu tupu, vitabu hamsini au mia, nami hesabu hiyo siipendi, kwa kuwa humfanya msomaji auogope utenzi mrefu na kukimbilia vijitabu vyembamba. Jambo lifaalo ni lile lenye mipaka inayoonekana, na aghalabu lipatikana karibu na mlango wa msomaji.

Mkaaji wa Ruring'u hana haja ya kwenda mbali. Mahali hapa pako ukingoni mwa mji wa Nyeri, baina ya Mlima Kenya ulio upande wa kaskazini-mashariki na safu ya Nyandarua iliyo magharibi, na alfajiri isiyo na ukungu mtu aendaye kazini huziona theluji za Batian, kilele chenye urefu wa mita 5,199, kabla mawingu hayajaufunika mlima kwa siku nzima. Tumeuzoea mno. Twauona kama tunavyoiona saa ya ukutani, kwa haja ya kujua kama mvua ipo, na ilhali huo ni mlima ulioandikwa kwa lugha nyingi na watu wasiopatana, tangu Johann Ludwig Krapf alipouona kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, naye ni Krapf yule yule ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882 akiwa ameshafariki. Kwa hiyo jambo likawa Mlima, na mwaka ukawa mwaka wa kusoma Mlima.

Ndipo huja kazi yenyewe, ambayo ni kupanga. Kuna jengo hapa Ruring'u lililokuwa mahakama ya Waafrika zamani za ukoloni, na sasa ni makumbusho ya Nyeri, ambamo wazee walisikiliza daawa za watu kwa sheria ya mila. Na kila aliyewahi kusikiliza daawa ajua ya kuwa shahidi wa pili hasikiki kama ambavyo angesikika lau angetangulia. Vitabu ndivyo vilivyo. Kitabu cha kwanza humpa msomaji macho atakayotazamia vingine vyote, na kwa sababu hiyo nilikiweka Januari kitabu cha Jomo Kenyatta kilichotoka London mwaka 1938, ambacho msomaji wa Kiswahili aliletewa katika miaka ya 1960 kwa jina la *Naushangilia Mlima wa Kenya*. Si kwamba kila neno lake halina mjadala. Kenyatta alikuwa akitetea watu wake mbele ya wageni, na mtetezi hupamba. Lakini asiyesoma kwanza jinsi wazee walivyouelekea mlima katika sala, na jinsi walivyotoa dhabihu chini ya mgumo, atasoma yote yanayofuata kana kwamba huu ni mwamba tu wenye barafu.

Manufaa ya tartibu hiyo hudhihiri upesi. Mwaka 1932 Eric Sherbrooke Walker, mwenye hoteli ya Outspan hapa Nyeri, alijenga nyumba ya wageni juu ya mti katika msitu wa Nyandarua, ili walale humo wakitazama ndovu na vifaru wakija kunywa maji, akaiita Treetops. Mti wenyewe ulikuwa mgumo. Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Februari 1952 alilala humo Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, na usiku huo huo baba yake akafa, naye akawa malkia bila ya kujua. Pamoja naye alikuwapo Jim Corbett, mzee aliyekuwa amehamia Nyeri kutoka India mwaka 1947, mwenye sifa duniani kwa vitabu vyake vya kuwinda chui milia walao watu, na ndiye aliyekiandika kisa cha usiku ule katika kitabu kidogo, *Tree Tops*, kilichotoka mwaka 1955, mwaka aliozikwa papa hapa mjini. Ni kitabu cha upole, kilichoandikwa na mtu ajuaye kutazama mnyama kwa heshima. Na anayekisoma peke yake ataona mti, wanyama, na binti mwenye furaha. Lakini anayekisoma Februari, baada ya Kenyatta wa Januari, ataona tawi la mgumo likichukua vitanda, naye atasimama kwenye ukurasa ambao mwandishi hakusimama. Kisha Machi afungue *Kaburi Bila Msalaba*, riwaya ya Kiswahili ya P. M. Kareithi iliyotoka mwaka 1969 juu ya vita vya Mau Mau, na humo msitu ule ule una watu waliojificha ndani yake. Mwezi Mei 1954 wapiganaji waliichoma Treetops ikawa majivu. Tarehe hiyo yapatikana katika vitabu vya historia, wala si ngumu kuikariri. Ila maana yake haikunijia mpaka vitabu vile vitatu vilipokaa bega kwa bega.

Baada ya mashahidi wazito namna hiyo msomaji ahitaji pumzi, nami nilimpa Aprili kitabu cha Felice Benuzzi, mfungwa wa Kiitaliano katika kambi ya Nanyuki, ambaye Januari 1943 alitoroka pamoja na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, si kwa kuukimbia utumwa, bali kwa kuupanda mlima waliokuwa wakiutazama kila siku kutoka nyuma ya seng'enge. Ramani hawakuwa nayo; walijiongoza pamoja na mengine kwa picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya kopo la chakula. Batian uliwashinda, wakafika Lenana, wakasimika bendera, wakarudi kambini wenyewe kupokea adhabu. Sijui kitabu chenye furaha kuliko hicho juu ya mlima huu.

Kalenda ya Nyeri nayo ina haki yake katika kupanga, na mpangaji asiyeijali hushindwa mapema. Januari ni mwezi wa karo, hivyo vitabu vyake na viwe vya kuazima, vya maktaba au vya sahibu. Masika hushika tangu Machi hata Mei, na mwenye shamba hana mchana wa kusoma. Kuanzia Juni mpaka Agosti baridi na ukungu hutufungia ndani, jiko la makaa likiwashwa mapema, na huo ndio msimu wa vitabu vinene. Nami hapo niliweka kumbukumbu za maisha ya Wangari Maathai, zilizotoka mwaka 2006, miaka miwili baada ya yeye kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, na ambaye mgumo wa utotoni mwake na kijito kilichokuwa karibu nao humrejesha msomaji kwa Kenyatta na kwa Corbett kwa njia ya tatu kabisa, njia ya mtoto wa kike aliyetumwa kuni na mamaye akaonywa asiokote za mti ule. Oktoba buni huiva, na kuchuma huchosha mgongo hata mtu hataki ila mashairi au mchezo wa kuigiza.

Kwa hiyo Oktoba nililiweka *Mzalendo Kimathi*, igizo la Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo lililotafsiriwa na Raphael Kahaso likatoka kwa Kiswahili mwaka 1978, na nikashika sharti kwamba lisisomwe kwa upweke. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 akiwa na jeraha la risasi, akashtakiwa Nyeri mwezi uliofuata, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Na hapa kiwanjani Ruring'u ndipo wapiganaji waliosalia msituni walipokuja Desemba 1963, baada ya Uhuru, kusalimisha silaha zao. Igizo hilo likisomwa kwa sauti na majirani waliogawana sehemu, mbele ya wazee ambao wazazi wao walikuwapo kiwanjani siku ile, kila mtu hubishana na watungaji, na ubishi huo ni usomaji wa daraja ya juu.

Nashauri tena kwamba kila mwaka uwe na kitabu kimoja kilicho nje ya jambo lililochaguliwa, nacho kiwekwe katikati. Mimi nilikiweka *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, nikakisoma Julai. Nchi hiyo yaelea angani, haina ardhi ya kukanyagwa, na humo Karama asimama mbele ya mfalme kujitetea kwa kusimulia safari za wajumbe waliotendewa dhuluma. Baada ya miezi sita ya udongo, misitu na mawe, nchi isiyo na udongo ilinifanya nione ni kiasi gani cha haki ya watu wa milimani kilichotundikwa juu ya ardhi, na ni kiasi gani kilichotundikwa juu ya kusikilizwa tu.

Ufundi huu si mpya nchini. East African Literature Bureau, iliyoanza kazi mwaka 1948, ilikuwa ikiwakopesha wasomaji wa mashambani vitabu kwa posta na kwa masanduku, na mtu aliyesubiri kifurushi kutoka Nairobi alilazimika kufikiri mbele, ajue atakachokitaka baada ya kile alichonacho. Tangu miaka ya 1960 tuna maktaba za taifa, na mjini Nyeri imo moja. Na simu ya mkononi sasa humletea mtu kitabu kabla chai haijapoa. Wepesi huo ni neema. Ila umeondoa ile haja ya kufikiri mbele, na haja hiyo sasa yatupasa kuirudisha kwa hiari yetu, kwa daftari na kalamu: jina la kitabu, mwezi wake, na mstari mmoja wa sababu ya kukiweka hapo kilipo. Mstari huo wa sababu usiachwe. Asiyeweza kuuandika hajapanga, ameorodhesha.

Na mwaka uliopangwa vizuri huzaa mwaka mwingine. Novemba ilikuwa ya Gakaara wa Wanjau, mzaliwa wa Tumutumu, aliyeandika na kuchapa vitabu vyake mwenyewe Karatina, na ambaye shajara yake ya kizuizini, iliyotoka kwa Kikuyu mwaka 1983, ilipata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Alikamatwa Oktoba 1952, na miongoni mwa makambi aliyopitishwa ni yale ya Manda na Takwa, huko Lamu. Mtu wa mlimani, basi, aliweka shajara kwa siri kandokando ya bahari ya watunzi wa tenzi; na kutoka hapo hatua ni moja tu mpaka kwa Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa miaka mitatu baada ya kuandika *Kenya: Twendapi?* mwaka 1968, akatunga gerezani mashairi yaliyotoka kwa jina la *Sauti ya Dhiki* mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Jambo la mwaka ujao likajichagua lenyewe: maandishi ya kifungoni. Jirani yangu, mwalimu aliyestaafu, ataka Gakaara arudiwe Januari kwa kuwa alitangulia kwa miaka. Mimi namtaka Abdilatif mbele, kwa sababu mshairi aliyefungwa na serikali ya Uhuru atatufanya tumsome mfungwa wa mkoloni bila ya kudhani kwamba kisa chake kilimalizika Desemba 1963, na mwalimu bado hajaikubali hoja hiyo.