Kuacha Nyumba na Kuachia Nyumba

Lugha yetu ina vitenzi viwili vilivyo ndugu wa damu, lakini havilingani kwa maana. Mtu huacha nyumba yake aipapo kisogo. Humwachia mwenziwe nyumba ile ile amkabidhipo. Kiambishi cha kutendea, kidogo kama kilivyo, chatosha kumwingiza katika habari mtu wa pili, yule apokeaye. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba riwaya ya Kiswahili imesimulia kwa ustadi jinsi makao yatafutwavyo, yapatikanavyo na yapoteavyo, bali kitenzi hiki cha pili imekipa nafasi ndogo mno. Upungufu huo waonekana wazi tukiisoma *Dunia Uwanja wa Fujo* ya Euphrase Kezilahabi huku tukizitazama Nyanda za Juu Kusini, hasa Iringa na Mbeya.

Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1975. Tumaini, kijana wa Ukerewe, baada ya maisha ya anasa, ahamia Shinyanga, alima, atajirika, na kujipatia makao aliyoyaota. Siasa ya Ujamaa inapofika, mali yake yatakiwa iwe ya wote. Tumaini amwua mkuu wa wilaya, naye ahukumiwa kunyongwa. Ni vigumu kwa msomaji wa Tanzania kuusoma mwisho huo asiikumbuke Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa. Huko, tarehe 25 Desemba 1971, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, akaupeleka mwili mjini kwa gari la marehemu mwenyewe, akajisalimisha kwa polisi. Naye alihukumiwa kifo.

Wakulima wengi wa Isimani walikuwa wamefyeka pori na kulima mahindi. Makao yao waliyanunua kwa jasho kuliko kwa fedha. Lakini jasho silo hati. Tangu sheria ya mwaka 1923, ardhi ya Tanganyika imehesabiwa kuwa ya umma, na mwaka 1963 serikali huru ilikomesha hata ule umiliki wa moja kwa moja waliokuwa nao wachache. Hadi leo ardhi iko mikononi mwa Rais kwa dhamana ya wananchi wote, na anunuaye kiwanja kilichopimwa mjini Mbeya hupewa hati ya muda, kama vile miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo kuiachia nyumba si ajali iwapatayo wenye bahati mbaya. Ni sharti lililoandikwa katika karatasi ile ile ya kuipata.

Wahakiki wamebishana sana kama Kezilahabi aliunga mkono Ujamaa au aliupinga. Mjadala huo una faida yake, ila humgeuza Tumaini kuwa bendera ya tabaka, na bendera haina nyumba. Naona swali la riwaya ni la kale kuliko siasa hiyo: kwa nini mtu aliyechezea mali ujanani bila uchungu ashindwe, utu uzimani, kufumbua mkono? Jibu langu ni kwamba hana wa kumwachia. Mkuu wa wilaya amekuja kuchukua, hakuja kupokea. Na hao “wote” watakaomiliki shamba hawana uso wala jina ambalo Tumaini angeweza kuliita. Hapo ndipo ulipo uzito wa kitabu, nacho chaonyesha kweli chungu: mali inaweza kuhamishwa kwa amri, lakini kupeana hakuamrishwi.

Je, iko njia nyingine? Mtu wa Rungwe angejibu kwamba ilikuwako. Monica Wilson, katika *Good Company* cha mwaka 1951, aeleza jinsi wavulana wa Kinyakyusa walivyoondoka nyumbani kwa baba zao wangali wadogo, wakajenga kijiji chao wenyewe kwa wenyewe, rika moja. Walipokomaa kuwa watu wazima wenye wake na watoto, ilifanywa sherehe ya ubusoka: kizazi cha wazee kilikabidhi utawala, na wazee wakasogea kando ili vijana wapate nafasi. Jambo hilo halikuwa jepesi. Mtawala mzee alitazamiwa kufa si muda mrefu baada ya sherehe hiyo, na bila shaka wengi waliikaribia siku yao kwa moyo mzito. Lakini mpokeaji alijulikana, naye alikuwa ameingoja zamu yake mbele ya macho ya mtoaji. Baadaye kahawa na uhaba wa ardhi viliidhoofisha desturi hiyo.

Yamkini msomaji atasema kwamba mwandishi wa Ukerewe hakulazimika kuyajua ya Rungwe. Ni kweli, wala simlaumu kwa kuuweka mkasa wake Shinyanga. Tena hayuko peke yake. Katika *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Adam Shafi, iliyotoka 1978, bwana shamba wa Unguja apoteza kasri na mashamba kwa Mapinduzi ya 1964. Na kwa jinsi alivyowatesa watumishi wake, msomaji hamlilii. Fuad hastahili machozi na Tumaini aweza kuyastahili, lakini hakuna kati yao aliyetoa kitu kwa mkono wake mwenyewe. Mmoja ananyang'anywa, mwingine anakufa kwa kukataa kunyang'anywa.

Nataja desturi ya Wanyakyusa, basi, kama kipimo tu. Yatukumbusha kwamba kati ya kunyang'anywa na kufa kuna tendo la tatu, gumu kuliko yote mawili kwa kuwa lahitaji hiari. Tendo hilo lafanyika au lashindikana kila siku. Katika vijiji vya Iringa na Mbeya wako wazee walioijenga nyumba ya tofali kwa mahindi au kahawa ya miaka mingi, na watoto wao wamekwisha kujenga Dar es Salaam. Mzee wa namna hiyo hatishwi na mkuu yeyote. Ufunguo anao mwenyewe, ila hajui ampe nani. Wanafunzi wetu watokao huko wamjua mtu huyu kuliko wamjuavyo Tumaini. Riwaya yake yawangoja wao.