Bustani Isiyo na Geti

Ukiwasoma wanaoandika kuhusu bustani za Nairobi, utadhani jiji linaishia Barabara ya Landhies. Karura ipo. Arboretum ipo, ile ya tangu 1907. Mwandishi anatembea, anapiga picha ya daraja la mbao, anakunywa kahawa, halafu anatuambia "ametoroka jiji". Eastlands haipo kabisa, na ikitajwa ni jalala la Dandora likifuka moshi.

Sisemi maandishi haya ni mabaya. Mengine yana jicho kali. Kinachonisumbua ni hilo neno kutoroka. Limekuwa kipimo cha kila kitu: bustani nzuri ni ile ambayo husikii mathree, huoni watu wengi, na getini kuna askari wa kukukagua. Kwa kipimo hicho Kaloleni lazima ianguke mtihani, ilhali ni mtaa uliochorwa kama bustani tangu mwanzo.

Ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na wafungwa wa vita Waitaliano walikuwa miongoni mwa waliotoa jasho. Ramani ilifuata wazo la Ebenezer Howard, Mwingereza aliyetaka mji na shamba viishi pamoja: nyumba za chini, miti, nyasi, ukumbi wa jamii katikati. Tusiipambe sana. Mkoloni aliwasukuma Waafrika huku mashariki, kwenye udongo mweusi unaoshika maji, ndipo akawachorea nyasi. Lakini wenyeji waliipa nafasi ile kazi ambayo mchoraji hakuipanga. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alidai uhuru hadharani. Mwezi uliofuata akatiwa mbaroni.

Watu wale hawakwenda pale kulitoroka jiji. Walikwenda kulidai. Hata leo nafasi wazi za Eastlands zinafanya kazi ya jiji lenyewe: nguo zinaanikwa, wazee wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, vijana wako base, mama mboga amekaa penye kivuli. Mwandishi wa kutoroka akipita hapo ataona fujo tu, kwa sababu anatafuta mahali pasipo na watu.

Kuna zaidi ya ladha hapa. Tazama mto. Mto Nairobi unapita Gikomba, unashuka hadi Korogocho na Dandora, na mwishowe maji yake yanaingia Athi na kufika baharini karibu na Malindi. Korogocho, vijana wa kikundi cha Komb Green waligeuza sehemu ya ukingo iliyokuwa jaa ikawa bustani ya umma. Mwaka 2024, baada ya mafuriko, serikali iliamuru watu wahame mita 30 kutoka mitoni, na Mathare na Mukuru tingatinga zikabomoa nyumba. Hatari ya mafuriko ilikuwa ya kweli, watu walikufa. Lakini swali la nani atakaa kwenye ukingo huo ukishasafishwa bado lipo, na jibu lake linaanza na jinsi mahali panavyoelezwa. Pakiitwa "uchafu", anayeishi pale naye anahesabiwa kuwa uchafu. Pakiitwa "patupu", mwenye ploti hayuko mbali.

Wangari Maathai alilijua hili. Mwaka 1989, jengo la ghorofa 60 lilipopangwa kusimama ndani ya Uhuru Park, alianza kwa kuandika barua. Alitukanwa hadi Bungeni. Jengo halikujengwa. Barua peke yake hazikutosha, lakini ziliwalazimisha wakubwa kujibu swali: hapa ni pa nani?

Kuna mtu atauliza, je, si kusifia ndiko kunakoleta geti? Leo unaandika, kesho kuna kiingilio. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana napinga sifa tupu, zile zinazouza mahali kama bidhaa. Nataka maelezo yanayotaja watumiaji kabla ya maua. Kivuli kinafika wapi saa nane? Choo kiko wapi, na ni ngapi? Msichana akikaa peke yake na kitabu saa kumi na moja jioni, atasumbuliwa na nani? Nani anafagia, na analipwa? Nani akiingia anaulizwa "wewe ni wa wapi"?

Maandishi ya aina hiyo hayatapendeza kama picha ya daraja la mbao. Lakini siku mtu atakapokuja na hati ya kiwanja na mabati ya kuzungushia, mtaa utakuwa na kitu cha kumwonyesha: majina ya kazi zinazofanyika pale, kila siku, na watu wanaozifanya.