Injini na Mtambo

Mwalimu naye hukosea, na kosa la mwalimu lina ubaya wake: huandikwa kwa wino mwekundu, na mwanafunzi hulishika kama sheria. Nitakueleza kosa langu moja, maana ndani yake mna somo juu ya maneno ya ufundi.

Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliandika insha juu ya kompyuta. Kile chombo kinachotutafutia habari katika intaneti, ambacho Waingereza hukiita search engine, yeye alikiita "mtambo wa kutafutia". Nililikata neno mtambo, nikaandika injini juu yake. Akanijia na daftari lake, akauliza, "Mwalimu, injini hiyo yatumia petroli au dizeli?" Wenzake wakacheka. Nikamjibu ya kuwa ndivyo wasemavyo Waingereza. Jibu hilo halikuniridhisha hata mimi mwenyewe, na jioni nikafungua kamusi.

Mzizi wa neno engine ni neno la Kilatini, ingenium, lililokuwa na maana ya kipawa, yaani akili ambayo mtu huzaliwa nayo. Hapakuwa na chuma wala moshi. Neno likapita kwa Wafaransa, likafika Uingereza karibu na mwaka 1300. Huko lilikuwa na maana ya akili na ya hila, na tena ya kitu kilichobuniwa kwa akili na hila: mtego wa kunasia wanyama, au chombo cha kuvurumishia mawe katika kuta za adui. Aliyeunda vyombo hivyo vya vita ndiye aliyeitwa engineer. Neno lenyewe pia lilikatwa kichwa likawa gin, na kwa jina hilo ikaitwa ile mashine ya kuchambulia pamba ambayo Eli Whitney aliibuni Marekani mwaka 1793.

Mvuke ulikuja nyuma ya mitego na vyombo vya vita. Mwaka 1712 Thomas Newcomen alisimamisha mashine ya mvuke ya kuvutia maji migodini. Mashine za namna hiyo zilipoenea viwandani, melini na katika magari ya moshi, watu wengi walizoea kuona kwamba engine ni kitu cha moto na nguvu tu. Walakini maana ya kale haikufa. Charles Babbage, alipoeleza mashine yake ya kukokotoa hesabu mwaka 1837, aliiita Analytical Engine, ingawa kazi yake haikuwa kuvuta mzigo. Basi Mwingereza asemapo search engine hapotoi lugha yake. Analitumia neno kwa maana iliyo ya zamani kuliko petroli.

Je, mwanafunzi wangu alikosea? Kama swali lake lilikuwa la kuwacheka Waingereza, alikosea. Kama lilikuwa la kukitetea Kiswahili, alisema kweli, na aliyekosea ni mimi. Sisi tulilipokea neno injini likiwa limekwisha kuwa jembamba. Lilikuja pamoja na meli na motokaa, na hata leo ukilitamka, msikilizaji huona mafuta na husikia mngurumo. Akili na hila za Kilatini hazikuvuka bahari pamoja nalo. Nilipoliandika juu ya neno la mwanafunzi, nilidhani ya kuwa nimetafsiri, kumbe nimenakili sauti tu.

Sasa litazame neno alilochagua yeye. Katika matumizi ya kale ya Kiswahili, mtambo ni mtego ufyatukao, na ni kile kifyatulio cha bunduki. Kisha likawa jina la mashine ya kila namna. Angalia jinsi neno hili lilivyosafiri kutoka mtegoni hadi kwenye mashine, sawasawa na neno la Waingereza, wala hakuna aliyemwiga mwenziwe. Wako wasemao kuwa Kiswahili hakina maneno ya ufundi. Aghalabu wasemaji hao hawakutafuta.

Lakini nakuonya, msomaji, usije ukaifanya asili ya neno kuwa hakimu wa maana yake. Neno letu mhandisi lilitoka katika Kiarabu, na mzizi wake umeunganishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Engineer wa Kiingereza ni mzawa wa akili. Mhandisi wetu ni mzawa wa kipimo. Hata hivyo wote wawili hujenga daraja lile lile, na hapana atakayesema kwamba wa kwanza hajui kupima au kwamba wa pili hana akili. Asili hutueleza neno lilikotoka, nayo matumizi ya wasemaji hutueleza linakokaa leo. Anayetaka kutafsiri vema hana budi kuyajua yote mawili, tena katika lugha zote mbili.

Siku ya pili nililiomba lile daftari mbele ya darasa. Nikalifuta neno injini, nikaandika mtambo kwa wino ule ule mwekundu, na alama nilizompunguza nikamrudishia.