Fundi Anayeanza na Rejeta

Watu wakimsifu fundi wa kubadili injini katika gereji za Korogwe, husifu kuchomelea kwake: alivyokata mauntini za zamani, akaunda nyingine, akailaza injini ya Fuso ndani ya chasisi ya Bedford ikakaa utadhani kiwandani waliiachia nafasi. Anastahili sifa hiyo, ila si hapo ufundi wake ulipo. Kuchomelea kunaonekana, ndiyo maana kunasifiwa. Sehemu ngumu kuliko zote imo ndani ya mabomba, nayo ni hesabu ya joto. Ninachodai ni kwamba kubadili injini ya lori kuukuu ni kazi ya maji kabla ya kuwa kazi ya chuma, na kwamba fundi anayelijua hilo ni msanifu kamili, hata kama karakana yake ni kivuli cha mwarobaini na cheni bloku.

Korogwe haikupata mafundi kwa bahati. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na mashamba ya mkonge ya pande hizo, Magunga, Ngombezi, Hale na mengineyo, yalihitaji watu wa kutunza korona za kukwangulia majani na mitambo ya kuziendesha. Baadaye ikaja dhiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni ziliadimika, na spea ya lori la Kiingereza ikawa inatafutwa kama dawa. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, mitumba ikaanza kumiminika, na Japani ikatuletea magari mazima pamoja na injini zilizong'olewa. Lori lenye chasisi ngumu na injini iliyonoki likakutana na injini nzima isiyo na lori. Kazi hiyo haijakoma. Lori la aina hiyo leo linabeba mahindi ya Handeni kwenye lami ya kilometa 65 hadi Korogwe, kesho liko kwenye vumbi la Kilindi, keshokutwa linapanda Lushoto kufuata mboga.

Tuje kwenye hesabu. Dizeli ya Bedford ya lita 5.4 ilitoa nguvu za farasi mia moja na kidogo. 6D14 ya Mitsubishi, lita 6.6, hutoa karibu 160. Dereva anaisikia tofauti hiyo mguuni. Fundi anatakiwa kuiona kwenye rejeta. Kati ya robo na theluthi ya joto la dizeli inayoungua huishia kwenye maji, kwa hiyo nguvu ikiongezeka kwa nusu, joto la kuondoa nalo huongezeka karibu kwa kiasi hicho, na rejeta bado ni ileile ya injini ya zamani. Kwenye tambarare ya Segera kasoro haijulikani, maana upepo wa mwendo unaificha. Itajulikana ukishapita Mombo. Barabara ya kwenda Lushoto, kilometa 33 hivi, hupanda kutoka mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari hadi karibu 1,400. Lori lenye shehena hulala gia ya pili au ya tatu, injini inanguruma, mwendo ni wa kutambaa, na upepo wote unategemea feni. Feni iliyokaa mbali na rejeta, au iliyokosa boksi la kuelekeza upepo, inazungusha tu hewa ileile ya moto. Ndiyo maana fundi mzuri hupima nafasi ya feni kabla ya kukata chuma chochote: injini ikiwa fupi huisogeza mbele au huongeza spesa, na mapanga huyaacha nusu ndani ya boksi, nusu nje. Huangalia pia tangi la juu la rejeta lisikae chini ya silinda hedi, kwa sababu hewa iliyonaswa juu ya injini haipozi kitu.

Ubishi mkubwa wa gereji unahusu themostati. Wengi hushikilia kwamba nchi yetu ni ya joto, themostati iliwekwa kwa ajili ya watu wa baridi, basi ing'olewe maji yapite huru. Ishike mkononi themostati ya dizeli nyingi za Kijapani uitazame. Juu kuna vali inayoanza kufungua njia ya rejeta maji yakifika nyuzi 82 hivi. Chini kuna kisahani cha pili ambacho, vali ya juu ikifunguka, nacho hushuka kuziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Aliyeitoa ili lori lisichemshe ndiye anayeweza kulichemsha mlimani. Kisha kwenye mteremko, au asubuhi ya baridi ya Lushoto, injini hiyohiyo haifikii joto lake. Dizeli haiungui yote, inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinalika. Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba madukani kuna themostati feki zinazokwama zikiwa zimefungwa. Ni kweli. Dawa yake ni sufuria ya maji jikoni na kipimajoto, dakika chache kabla ya kuifunga.

Maji yenyewe nayo yana habari yake. Handeni imeteswa na uhaba wa maji kwa muda mrefu, na mradi wake mkubwa, HTM, huyavuta kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe. Huko njiani utingo hujaza maji aliyoyapata, ya lambo lenye tope au ya kisima chenye chumvi, na magamba hujengeka ndani ya mirija ya rejeta. Kwenye injini ambazo slivu zake huguswa na maji moja kwa moja, kama za Scania, mtetemo huzaa viputo vinavyopasuka na kuchimba chuma mpaka kitoboke. Kwa hiyo koolanti, ambayo wengi hudhani ni ya nchi za barafu, hapa kazi yake ni kulinda chuma. Hata mfuniko wa rejeta si wa kudharau: maji yaliyo wazi pale Lushoto huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na mfuniko unaoshika mgandamizo wa baa 0.9 husogeza kiwango hicho juu kwa nyuzi 20 na zaidi. Ukiubana na kipande cha tyubu, umeitupa akiba hiyo yote.

Tyuningi watu huiweka mbali na mambo ya maji, nami naona ni jambo moja. Taimingi ikitangulia mno, injini inagonga na joto linaingia kwenye hedi. Ikichelewa, dizeli inaungua huku pistoni imeshaanza kushuka, na nguvu inageuka joto tupu. Kwa pampu ya msururu, fundi hutoa vali ya dilivari ya silinda ya kwanza, hufunga kibomba kilichopindwa, husukuma dizeli kwa pampu ya mkono na kuizungusha fulaiwili polepole mpaka mkondo ugeuke matone, na matone yakaribie kukatika. Hapo ndipo pampu inapoanza kusukuma, na alama ya fulaiwili itasema imebaki nyuzi ngapi pistoni ifike juu. Kazi hiyo inataka jicho na subira. Anayeiruka akafungua skrubu ya mafuta ili lori "livute" anampa mteja moshi mweusi na bili ya gasketi.

Wapo wanaosema yote haya ni kuungaunga, heri kununua lori jipya. Kwa mwenye mtaji ni ushauri mzuri. Wenye lori wengi wa huku hawana mtaji huo, na dizeli za kisasa zenye kompyuta hudai mafuta safi na vifaa vya kupimia ambavyo gereji nyingi hazina. Pingamizi la usalama ndilo linalonishinda kwa sehemu: nguvu mpya hualika shehena mpya, na breki zinabaki za zamani. Fundi aliyeongeza injini asiguse breki hajamaliza kazi, kama ambavyo mwenye lori hajamaliza yake mpaka namba mpya ya injini iingie kwenye kadi ya TRA. Lakini kasoro hizo nyingi huanzia kwenye malipo. Kwa desturi fundi hulipwa injini ikiwaka na lori likitoka getini, na kazi ya rejeta na breki ndiyo ya kwanza kukatwa bei inapojadiliwa. Ningependa sehemu ya fedha ishikwe mpaka lori lipande Lushoto na shehena, fundi akiwa kitini anaangalia geji, na kazi ya maji ihesabiwe kwa bei yake yenyewe tangu siku ya kwanza.